Dume la mbegu huchaguliwa na nani? Wafugaji wa kuhamahama na uhifadhi wa mifugo ya asili

Nyikani ameandika:

Wanajukwaa, mijadala mingi kuhusu mifugo ya asili huishia kwenye swali moja tu: je, mnyama wa asili ana faida kuliko wa kisasa? Naomba katika uzi huu tuliweke swali hilo kando, kwa sababu jibu lake ni fupi (inategemea anaishi wapi, anakula nini na anatembea umbali gani), tujiulize badala yake ni nani aliyewatunza wanyama hawa hata wakatufikia. Hoja yangu ni kwamba mbegu ya mnyama haihifadhiwi kwa kumfungia mnyama mahali. Huhifadhiwa kwa uamuzi unaorudiwa kila msimu kuhusu dume lipi libaki na lipi lihasiwe, na katika sehemu kubwa ya nyanda kavu za dunia uamuzi huo umekuwa mikononi mwa wafugaji wanaohamahama.

Nianze na kondoo mwekundu wa Kimaasai, anayefugwa Kenya na Tanzania. Ana manyoya mafupi ya rangi ya udongo mwekundu, ana mafuta mkiani, na umbo lake si kubwa. Anayepima mnyama kwa mizani pekee hataona sababu ya kumsifu. Lakini subiri mvua zikolee, nyasi ziwe mbichi, na viluwiluwi vya minyoo inayofyonza damu tumboni vipande juu ya majani. Mshike mwanakondoo wa mbegu ya kigeni aliyechungwa humo kwa wiki kadhaa, ufunue kope ya chini ya jicho lake kwa kidole gumba, utazame ndani. Wekundu unaoutarajia utakuta umefifia na kuwa waridi hafifu, au umekuwa mweupe kama karatasi. Damu imekwisha. Baada ya muda hujaa maji chini ya taya, huanza kubaki nyuma ya kundi, na siku moja haamki. Kondoo mwekundu wa Kimaasai aliyechungwa kwenye machunga yale yale mara nyingi kope yake hubaki nyekundu. Si kwamba hana minyoo; anayo, ila mwili wake huizuia isizaliane kupita kiasi, na hata akipoteza damu kiasi, huhimili.

Hakuna kituo cha utafiti kilichomtengeneza kondoo huyo. Ametokana na vizazi vingi vya wafugaji ambao hawakuwa na dawa ya minyoo, ambao waliona ni majike yapi yanatoka kwenye mvua yakiwa na watoto hai, na ambao waliwaacha watoto madume wa majike hayo wasihasiwe.

Katika jamii nyingi za wafugaji mama hutazamwa kabla ya dume lenyewe. Mfugaji anapomtathmini ndama dume hujiuliza mama yake alinyonyesha vipi katika ukame uliopita, bibi yake alizaa mara ngapi, na kama kuna yeyote katika ukoo huo aliyekuwa mkali kwa watoto au mzito wa kutembea. Wawodaabe wa Niger, wafugaji wa ng'ombe wekundu wa Bororo wenye pembe ndefu, hufuatilia koo za ng'ombe wao kwa upande wa mama kwa vizazi vingi. Kumbukumbu hiyo haiko kwenye daftari, na pengine ndiyo maana maofisa wengi waliofika kwao na madaftari walidhani haipo. Hata rangi na pembe za ng'ombe wa Ankole, ambazo wageni huzichukulia kuwa urembo mtupu wa Wahima wanaowafuga, mimi naziona kama rejista inayotembea: katika kundi ambalo kila rangi na kila umbo la pembe lina jina lake, ni vigumu mtu kusahau nani alizaliwa na nani.

Jambo la pili ni mwendo. Kuna sifa za mnyama ambazo hazionekani akiwa amesimama. Katika nyanda za Banni, wilaya ya Kachchh nchini India, wafugaji wa Kimaldhari wana nyati wa kufugwa wanaotoka jioni kwenda kulisha usiku kucha, joto likiwa limepungua, kisha hurudi wenyewe asubuhi kukamuliwa. Ndama hujifunza njia kwa kumfuata mama. Nyati hao walitambuliwa rasmi kuwa mbegu inayojitegemea mwaka 2010. Katika wilaya hiyo hiyo wapo ngamia wa Kharai wanaoogelea kwenda kula majani ya mikoko kwenye visiwa vya karibu na pwani. Ukimfungia ngamia wa Kharai zizini na kumletea majani, bado ana vinasaba vyote, lakini baada ya vizazi viwili hutajua tena ni ndama yupi angeshindwa kuogelea, na kwa hiyo hutajua yupi wa kumwacha aendeleze ukoo.

La tatu nalitaja kwa ufupi. Wafugaji hupeana na kukopeshana mifugo. Wamaasai huita uhusiano wa namna hiyo osotua, neno ambalo asili yake ni kitovu. Huzungumzwa zaidi kama bima dhidi ya ukame, na ni kweli, lakini pia husambaza damu ya ukoo mmoja katika mazizi mengi, kiasi kwamba maradhi yakifagia zizi moja, ukoo haupotei. Sotoka ilipoingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuteremka hadi kusini mwa bara, sehemu nyingi zilipoteza takriban ng'ombe wote. Makundi yaliyofuata yalijengwa kutokana na masalia yaliyotawanyika.

Naomba michango, hasa ya wasiokubaliana nami.

Mizani ameandika:

Ndugu Nyikani, nakushukuru kwa uzi, ila umewapaka wafugaji mafuta mengi mno. Huyo kondoo mwekundu unayemsifu amemezwa na nani? Si wafugaji wale wale walionunua madume ya Dorper, kondoo wa kisasa, na kuyaachia kwenye makundi yao? Mimi mwenyewe nafuga kondoo, nilifanya hivyo, na sikulazimishwa na mtu. Watoto wa kwanza walikuwa wakubwa, wazuri, na mnunuzi aliwachagua wao kwanza. Kama mwenye mali ndiye aliyeibadilisha, kwa nini tumwite mhifadhi?

Nyikani ameandika:

Ndugu Mizani, hoja yako ni ya haki na siwezi kuizunguka. Hadi katikati ya miaka ya 1970 kondoo mwekundu halisi alikuwa ameenea nchini Kenya. Kisha madume ya Dorper yakaanza kusambazwa kwa ruzuku, wafugaji wakayapokea, na leo kumpata mwekundu asiye na mchanganyiko ni kazi. Waliochagua ni wafugaji, nakubali.

Hata hivyo, tazama walichagua wakiwa wamepewa nini. Chotara wa kizazi cha kwanza karibu daima hung'aa, kwa sababu ana nguvu za pande zote mbili: ukubwa wa baba na ustahimilivu wa mama. Mfugaji humwona huyo, humpenda, na hurudia dume lile lile kwa mabinti. Kizazi cha tatu au cha nne ustahimilivu umekwisha kuyeyuka, na hapo ndipo mvua kubwa au ukame mrefu hutoa hesabu. Waliosambaza madume ya Dorper hawakuambatanisha mpango wowote wa kudumisha majike safi upande wa pili, jambo ambalo mzalishaji yeyote wa chotara anajua ni la lazima. Kwa maneno mengine, walipewa tunda bila kuambiwa kwamba mti unahitaji kubaki.

Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwalinganisha kondoo hawa nchini Kenya katika miaka ya 1990. Kwenye pwani yenye unyevu, ambako minyoo ni mingi, wekundu waliwaacha Dorper mbali sana kwa sababu Dorper walikufa mno. Kwenye nyanda kavu za ndani tofauti ilipungua sana. Nasisitiza hilo la pili kwa sababu sitaki tumgeuze mnyama wa asili kuwa mshindi wa kila mahali. Ni mshindi wa pale alipochaguliwa.

Na kuna kichekesho kidogo hapa. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940 kwa kuchanganya kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn na kondoo aliyeitwa Mwajemi mwenye kichwa cheusi. Huyo Mwajemi, licha ya jina lake, ana asili ya kondoo wa wafugaji wa Kisomali, waliofikishwa kusini kwa meli katika karne ya 19. Kwa hiyo mnyama tunayemwita wa kisasa ana nusu ya damu iliyotunzwa na wafugaji wa kuhamahama, na ndiyo nusu inayomwezesha kuishi nyikani.

Darubini ameandika:

Ndugu zangu, nawasoma kwa makini, lakini nadhani mnabeba mzigo ambao teknolojia imekwisha kuupunguza. Ripoti ya FAO ya mwaka 2007 kuhusu rasilimali za vinasaba vya mifugo iliorodhesha mbegu 7,616 duniani, karibu asilimia 20 zikiwa hatarini, na ilieleza kuwa mbegu 62 zilitoweka katika miaka 6 iliyotangulia, yaani takriban moja kila mwezi. Kwa kasi hiyo hatuwezi kungoja wafugaji wapate masoko na malisho. Tukusanye shahawa na viinitete (mimba changa), tuvigandishe kwenye naitrojeni ya kimiminika, tuwe na akiba. Mfugaji awe huru kufuga anachotaka.

Nyikani ameandika:

Ndugu Darubini, sipingi akiba ya baridi, na ningependa kila nchi iwe nayo. Ninachopinga ni kuifanya mbadala. Kiswahili chenyewe kinaweza kutuchanganya hapa, kwa kuwa neno mbegu lina maana mbili: ni ukoo wa wanyama wenye sifa zake, na pia ni ile shahawa ndani ya mrija. Benki ya baridi huhifadhi maana ya pili. Ile ya kwanza haiingii kwenye mtungi.

Minyoo haigandishwi. Kupe hawagandishwi, wala mbung'o. Wakati shahawa imelala kwa miaka 40, vimelea nje vinaendelea kubadilika na hali ya hewa inabadilika, na siku utakayoiyeyusha utapata mnyama aliyefaa kwa dunia ya jana. Utahitaji jike la kumbeba, mtu wa kumfundisha ndama njia ya maji, na mtu anayejua dume zuri la mbegu hiyo hutambulika kwa nini. Wafugaji wakiwa wameondoka, huyo wa mwisho utamtoa wapi? Isitoshe, ripoti hiyo hiyo uliyoitaja ilionyesha kuwa kwa zaidi ya theluthi moja ya mbegu hapakuwa na takwimu za kutosha kujua kama ziko hatarini. Huwezi kugandisha ambacho hujakihesabu.

Mfano wa karibu ni ng'ombe wa Mpwapwa, Tanzania. Alitengenezwa kituoni kwa miongo kadhaa kwa kuchanganya damu za Kihindi kama Sahiwal na Sindhi na ng'ombe wa Kiafrika, na akatangazwa kuwa mbegu kamili mwaka 1958. Ni ng'ombe mzuri, wa maziwa na nyama. Lakini hakuwahi kuwa na jamii ya wafugaji inayosema huyu ni wetu, na idadi yake imebaki ndogo, ikitegemea sana kituo kilichomzaa. Linganisha na ng'ombe wa Boran, aliyetoka kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya: wenye ranchi wa Kenya walimchukua na kumkuza, wakaanzisha chama chao mwaka 1951, viinitete vyake vikafika Zambia, Afrika Kusini na Australia, na bado Waborana wanaye yule wa asili. Kuna pia aina ya Boran inayofugwa na Waorma wa Mto Tana, ambayo majaribio katika ranchi ya Galana yalionyesha kuwa inastahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kuliko Boran wa ranchini. Ukoo ule ule, wachaguzi tofauti, mazingira tofauti.

Na tusidhani kwamba uchaguzi wa kitaalamu daima hupanua akiba. Uchunguzi wa madume ya Holstein, ng'ombe wa maziwa, yanayotumika kwa uhimilishaji (kupandikiza shahawa) nchini Marekani ulionyesha kuwa karibu yote, kwa upande wa baba, yanarudi kwa madume wawili tu wa karne ya 19. Hakuna mfugaji wa kuhamahama ambaye angeweza kufanya hivyo hata angetaka. Dume lake halifiki mbali kiasi hicho.

Kalamu Kavu ameandika:

Mimi nina swali moja tu. Kwa nini serikali zisipitishe sheria ya kuwalinda wanyama hawa, basi tukamaliza?

Nyikani ameandika:

Imejaribiwa. Jimbo la Rajasthan nchini India lilimtangaza ngamia kuwa mnyama wa jimbo mwaka 2014, na mwaka 2015 likapitisha sheria ya kuzuia asichinjwe wala kupelekwa nje ya jimbo bila kibali. Nia ilikuwa njema. Lakini Waraika, ambao kwa vizazi ndio wafugaji wa ngamia huko, walikuwa wakipata fedha kwa kuuza madume, na sheria ililibana soko hilo. Dume lisilouzika ni mdomo wa kulisha. Sensa za India zilionyesha ngamia wakishuka kutoka takriban 400,000 mwaka 2012 hadi takriban 250,000 mwaka 2019. Kushuka kulianza kabla ya sheria, kwa sababu ya malisho kufungwa na magari kuchukua kazi ya kubeba, hivyo sitaitwika sheria lawama yote. Ninachosema ni kwamba ilimlinda ngamia dhidi ya mtu pekee aliyekuwa na sababu ya kumfuga.

Darubini ameandika:

Nakubali hoja ya vimelea, sikuwa nimeipima hivyo. Lakini suala la haki umeliacha. Kama shahawa au vinasaba vya kondoo huyo mwekundu vitatumika kwingine kutengeneza kondoo wasiohitaji dawa, mfugaji aliyemtunza atapata nini?

Nyikani ameandika:

Hilo ndilo eneo ambalo maneno yamekwenda mbele ya vitendo. Mwaka 2003, wawakilishi wa wafugaji na mashirika walikutana Karen, Nairobi, wakadai haki za wafugaji zitambuliwe kama zile za wakulima wanaotunza mbegu za mimea. Mwaka 2007 nchi 109 zilikutana Interlaken, Uswisi, zikapitisha mpango wa dunia wa rasilimali za vinasaba vya mifugo, ambao unatambua mchango wa wafugaji wadogo na wa kuhamahama, lakini hauwapi haki ya kudai chochote mahakamani. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inahusu mgawanyo wa manufaa yatokanayo na vinasaba, na inazitaka nchi kuheshimu taratibu ambazo jamii zenyewe zimejiwekea.

Baadhi ya jamii hazikungoja. Wasamburu wa Kenya na Waraika wa India waliandika itifaki zao mwaka 2009, wakieleza mifugo yao ni ipi, wanaitunza vipi, na kwa masharti gani mtu wa nje anaweza kuitumia. Naona thamani kubwa katika hati hizo hata pale ambapo hazina nguvu ya kisheria, kwa sababu zinamlazimisha anayekuja kuchukua damu au shahawa kujua kwamba mnyama huyu ana wenyewe. Lakini nikiulizwa kipi kingemsaidia zaidi mfugaji, kati ya mgao wa faida ya vinasaba ambao huenda usije kamwe na njia ya kuhamia malisho ambayo haijafungwa na uzio, nitachagua njia. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Ningetamani mjadala wake uanzie hapo kwenye njia, kwa kuwa mnyama aliyechaguliwa kwa mwendo hupoteza thamani mara tu mwendo unapokatazwa, na mwenye akili timamu humbadilisha.

Mizani ameandika:

Ndugu Nyikani, nimesoma yote. Mvua mbili zilizopita nilipoteza wanakondoo wengi, na niliwapa dawa ya minyoo mara kwa mara hata sasa dawa yenyewe inaonekana haiwashtui minyoo. Nikitaka kurudi nyuma, nianzie wapi? Nina majike sita ambayo bado yana wekundu na mkia ule wa mafuta.

Nyikani ameandika:

Anza na hayo sita. Usiyauze hata ukipata bei. Wakati wa mvua yafunue kope kila baada ya wiki mbili, uandike au ukumbuke yapi hayapauki bila dawa. Dawa wape wanaopauka tu, maana ukiwapa wote unaizoesha minyoo. Watoto madume wa majike mawili yaliyo bora usiwahasi mpaka wapite mvua moja. Na dume la Dorper ulitenge, au ulifunge ngozi tumboni kama wafugaji wengi wanavyofanya wanapotaka kupanga msimu wa kuzaa, ili lisipande majike hayo. Kisha utafute dume jekundu lisilo la ukoo wako.

Mizani ameandika:

Hapo kwenye dume ndipo nilipokwama. Nimeuliza kwa kila mfugaji ninayemfahamu, na wote wana chotara. Aliyebaki ni mzee mmoja ambaye bado anahama na kundi lake, na sasa yuko mbali kwenye malisho ya kiangazi. Wanasema ana madume matatu mekundu na hauzi hata moja, ila huazima, kwa sharti kwamba mtoto wa kwanza jike arudi kwake. Nitamngoja ashuke.